Barafu ya Mapera Meupe

Jumamosi, 10 Machi 2007. Woodley.

Daktari anasema shinikizo langu la damu ni la mtu anayekimbizwa, ilhali mimi kazi yangu ni ya kukaa kitini. Ameniagiza ninunue daftari na kila siku niandike jambo lililonikasirisha, kisha nilifunge nilale. Nilimwuliza kama daftari moja litatosha. Hakucheka. Basi hili hapa, nimelinunua River Road, kurasa mia mbili na jalada jeusi.

Lililonikasirisha leo: hakuna. Leo ni siku yangu. Safu imetoka bila kukatwa hata neno.

Kwa miaka kumi na tisa nimeandika safu ya Msumari kila Jumamosi, na nje ya chumba cha habari hawazidi wanne wanaojua Msumari ni nani. Hapa mtaani wanajua tu kwamba Ephantus Kamande anasahihisha makosa ya chapa gazetini. Ni kweli pia, nasahihisha.

Safu ya leo inahusu mwaliko wa Jumapili iliyopita. Ndegwa, niliyesoma naye, alinipeleka Loresho, kwenye mgahawa wa bustanini wa mwanamke anayeitwa Becky, kusherehekea shahada ya binti yake Ndegwa. Baada ya nyama tuliletewa vibakuli vya kitu walichokiita sorbeti, yaani barafu ya mapera, iliyotengenezwa nyumbani kwa mikono. Kilikuwa cheupe kama chaki. Nilionja kijiko kimoja, nikaweka bakuli chini, nikatoa kalamu.

Nanakili hapa kipande kinachonipendeza: «Pera, ndugu zangu, ni la waridi ndani. Mtoto yeyote aliyekulia Maragua analijua hilo kabla hajajua jina la babu yake. Tulichowekewa mbele yetu ni unga wa pakiti na manukato. Na huyo aliyeukoroga jikoni, akauita kazi ya mikono yake, ni mwongo, hata kama ameajiriwa kusema uongo.»

Sentensi ya mwisho niliipiga msasa mara sita.

Jumapili, 11 Machi

Mbunge mmoja ameahidi daraja mahali pasipo na mto. Nimelifunga daftari.

Jumanne, 13 Machi

Simu za pongezi. Rachael, mhariri wangu, anasema tangu mwaka uanze hakuna safu iliyopata barua nyingi kama hii. Wasomaji wanaeleza jinsi walivyolishwa uongo mahotelini. Mmoja anasema amekwenda Loresho mwenyewe kudai pera la waridi. Nilicheka peke yangu ofisini.

Jumamosi, 17 Machi

Joto. Mvua inanukia tu, hainyeshi.

Kila Jumamosi saa nne asubuhi, Isaiah wa nyumba ya nne hutoa viti barazani na kusoma gazeti kwa sauti. Alikuwa karani wa reli, na tangu astaafu sauti yake haina kazi nyingine. Odero, fundi wa magari, huja na kikombe chake. Mimi huja kusikiliza maneno yangu yakisomwa na mtu anayeyaamini. Sijawahi kumwambia mtu raha hiyo. Isaiah humwita Msumari «mzee wetu». Akimaliza hukunja gazeti na kusema: huyo hajawahi kukosea.

Leo alimaliza kusoma, akalikunja, lakini hakusema hivyo. Alisema Msumari wa wiki iliyopita ameingia nyumbani kwake. Nikauliza vipi. Akaeleza polepole, kama mtu anayesoma tangazo la kifo. Ile barafu ya Loresho hutengenezwa na mkewe, Mama Quincy. Mwaka wa tatu sasa, kila mwisho wa wiki, yeye ndiye jikoni kwa Becky. Jumatatu Becky alimwambia abaki nyumbani kwanza.

Nilijua Mama Quincy anafanya kazi Loresho. Nimeishi mlango wa tatu kutoka kwake miaka kumi na mmoja. Sikuwahi kuuliza kazi gani.

Odero akasema si amwulize tu mkewe mwenyewe. Isaiah akajibu amemwuliza. Amemwuliza mara tatu kama alitia unga. Anasema hakutia.

«Lakini Msumari hajawahi kukosea,» akasema. Kisha akanigeukia. «Baba Shiku, wewe ni mtu wa gazeti. Msumari hukosea?»

Dirisha la jikoni lilikuwa wazi nyuma yake. Sufuria ilikuwa ikioshwa, kisha ikaacha kuoshwa.

Nikasema: «Ni nadra.»

Jumatatu, 19 Machi

Mvua imeanza. Daktari hakuniambia la kufanya kama hasira haipo na kilichopo ni kitu kingine.

Alhamisi, 22 Machi

Mama Quincy alinijia nikiwa nafunga lango, ameshika mwavuli uliovunjika ubavu na bahasha ndani ya karatasi ya nailoni isilowe.

«Baba Shiku, wewe huwa unaenda hiyo gazeti kila siku. Hii barua unaweza nipelekea Msumari?»

Nilisema huyo Msumari haonekani, hata sisi hatumjui. Neno lilitoka laini kama siagi.

«Si lazima umwone. Acha tu mahali ataipata.» Kisha akasema hili, ambalo naliandika kama lilivyosemwa: «Na wewe ulikuwa pale siku hiyo. Nilikuona na dirisha ya jikoni. Nilifurahi, nikasema leo jirani yangu atakula kitu nimetengeneza. Ulionja. Unaweza kumwambia vile ilikuwa.»

Nilichukua bahasha. Nilimwambia nitajitahidi.

Nimeifungua ofisini, mlango ukiwa umefungwa. Imeandikwa kwa kalamu ya buluu, herufi zimesimama wima kama wanafunzi paredini:

«Kwa Msumari. Mimi ndiye nilitengeneza ile barafu. Hakuna unga. Mapera yalikuwa meupe kwa sababu dada yangu aliyatuma kutoka Kimilili, kwa mti wa mama yetu. Mti huo huzaa meupe tangu nikiwa mdogo. Ungekuja jikoni ningekukatia moja uone. Sikuajiriwa kusema uongo, niliajiriwa kupika. Kazi naweza kutafuta ingine. Lakini mume wangu ameniuliza mara tatu, na mimi nimechoka kujibu. Tafadhali andika kwamba ulikosea ili asome. Naliaka Wekesa, Woodley.»

Naliaka. Nimelijua jina lake leo.

Jumamosi, 24 Machi

Sikwenda barazani. Nilijifanya mgonjwa, kisha nikaugua kweli kichwa.

Jumanne, 27 Machi

Naandika ukweli hapa kwa sababu hapana pengine ninapouandika. Barua iko kwenye droo ya jikoni, pamoja na vijiko, juu ya nakala ya mkono ya ile safu. Nimejipa sababu tano za kutoijibu, na nimezipanga vizuri, maana nimezoea kupanga hoja. Kwamba ushahidi wa mti wa Kimilili ni wa mdomo. Kwamba safu ilimlenga Becky na wenye pesa wake. Kwamba Msumari akikiri kosa dogo, wale ninaowaandama kwa makubwa watalishika hilo milele. Hoja ya nne na ya tano ni mbaya zaidi.

Nimewahi kuwadai mawaziri watatu waombe radhi hadharani. Mmoja nilimwandama wiki saba mfululizo. Niliandika kwamba aibu ya kukiri ni ya siku moja.

Alhamisi, 29 Machi

Mama Quincy aliniuliza akipita kando ya ua wangu kama barua ilifika. Nilisema ilifika.

Jumamosi, 31 Machi

Mvua kubwa. Tuliketi tumebanana ukutani. Isaiah alisoma safu yangu kuhusu usajili wa wapigakura, akapekua ukurasa wa barua, akarudi nyuma, akapekua tena. Akasema mkewe alimwandikia Msumari na wiki ya pili hii hajajibiwa. Mtu kama Msumari, akasema, huwajibu hata wanaomtukana. Asipojibu ni kwamba ameona barua ni ya uongo na amemsitiri mwandishi. Alisema hivyo kwa shukrani. Alimshukuru Msumari kwa kumsitiri mkewe.

Mama Quincy alileta chai. Alinipa kikombe changu kwanza.

Jumatano, 4 Aprili

Niliondoka ofisini saa sita nikatembea hadi Soko la Jiji, barabara ya Muindi Mbingu. Kuna mama anaitwa Nthiwa, huuza matunda karibu na mlango wa maua. Nilimwomba mapera ya waridi ndani.

«Hiyo siwezi kukuambia mpaka nikate.»

Nikamwambia pera ni la waridi, kila mtu anajua. Alichukua kisu, akakata la kwanza: la waridi. Akanitazama. Akakata la pili, la sura ileile na ganda lilelile: jeupe kama maziwa. La tatu jeupe pia.

«Mzee, wewe ni wa wapi hujawahi ona pera nyeupe?»

«Maragua.»

«Basi nyinyi hamtembei.»

Mwenye ndizi wa kando alicheka mpaka akashika meza. Mimi nimesoma historia ya dola tatu za kale, nimebishana na maprofesa kwenye safu yangu nikawanyamazisha, na jambo hili nimekuwa nikilijua kwa kutazama ua wa mama yangu peke yake. Mapera ya ua wetu yalikuwa ya waridi. Kwa hiyo mapera yote duniani.

Nilinunua kilo tatu. Sijui kwa nini. Labda nilitaka kuona kama kweli mtu anaweza kutengeneza kitu kile kwa mikono, ili niwe nimehakikisha kwa vitendo. Hata katika aibu bado natafuta ushahidi.

Alhamisi, 5 Aprili

Nilikata mapera, nikayachemsha kwa maji kidogo, nikayaponda, nikamimina ndani ya bakuli, nikatia kwenye sehemu ya juu ya friji, ile ya kugandisha. Asubuhi lilikuwa jiwe. Jiwe lenye mbegu. Nilijaribu kulipasua kwa kisu, kisu kikapinda.

Ijumaa Kuu, 6 Aprili

Mara ya pili. Nilichuja mbegu kwa kichujio cha chai. Ilinichukua asubuhi nzima na nguo yangu nyeupe imeharibika. Sukari nilitia kijiko kimoja, kwa sababu ya daktari. Jiwe tena, ila sasa halina mbegu.

Pasaka, 8 Aprili

Nilikuwa jikoni na sufuria ya tatu Mama Quincy alipobisha mlango wa nyuma, akiwa ametoka kanisani, na sahani ya chapati chini ya kitambaa. Aliona mbegu kwenye ndoo, kichujio cha chai, mikono yangu. Akaweka sahani chini na kucheka, kicheko chake cha kwanza nilichokisikia tangu mwezi wa tatu.

«Baba Shiku, unafua ama unapika?»

Nilisema nilikuwa najaribu ile barafu yake, nilitaka kuelewa. Alivua kitambaa cha kichwa, akaosha mikono, akaomba kichujio kikubwa. Sina. Akaenda kwao akarudi na ungo wa waya, na mfuko wenye mapera ya mwisho ya gunia la Kimilili. Alikata moja mbele yangu bila kusema neno. Jeupe.

Alinifundisha. Mapera yachemke mpaka yalegee, si zaidi, la sivyo harufu inaenda na mvuke. Yapitishwe kwenye ungo kwa mgongo wa mwiko. Sukari iyeyushwe pembeni kwa maji moto, na iwe nyingi. Nilipolalamika alisema sukari si ya utamu tu, ndiyo inazuia isigande jiwe. Ndimu moja. Ipoe kabisa kabla ya kuingia kwenye friji. Halafu kazi yenyewe: kila nusu saa unaitoa, unaikwaruza kwa uma kutoka pembeni kuja katikati, unairudisha. Mara sita, mara saba.

«Kwa Becky naanza saa kumi na moja asubuhi,» akasema. «Hakuna mashine pale. Hii mkono ndio mashine.»

Akaomba uma. Nilikuwa nashikilia sufuria moto kwa mikono miwili. Nikasema, kwenye droo.

Niliikumbuka barua droo ilipokwisha kufunguka. Alisimama akiwa amenipa mgongo. Kisha akachukua uma, akafunga droo, akarudi kukwaruza. Nikajiambia hakuona. Nilijiambia hivyo alasiri yote, kila nusu saa.

Saa kumi na mbili jioni tulikula. Ilikuwa ileile. Kijiko kile kimoja cha Loresho kilinirudia ulimini, baridi kwanza, kisha ndimu, kisha pera lenyewe likichelewa kuja kama mgeni mwenye haya. Jumapili ile nilikuwa nimeonja kitu kizuri nikakiweka chini kwa sababu nilikuwa tayari nina sentensi.

Alichukua ungo wake akaenda. Chapati sikuzila.

Jumamosi, 14 Aprili

Mwisho wa safu niliongeza mistari mitatu: kwamba baadhi ya wasomaji wamedokeza kuwa yako mapera ya rangi nyingine, na Msumari hapuuzi maoni ya wasomaji. Niliona ni ujasiri.

Isaiah aliisoma na kutabasamu. «Unaona? Ameniandikia mimi. Ana huruma huyu mzee.»

Mama Quincy alikuwa mlangoni. Alinitazama mimi, si yeye.

Jumatatu, 16 Aprili

Nimekwenda. Isaiah alikuwa benki kwa ajili ya pensheni. Mama Quincy alikuwa akianua nguo kabla ya mvua. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kurasa mbili. Niliipangia hata mahali pa kupumua.

Nilisema: «Mimi ndiye Msumari.»

Alikunja shati la mumewe, akaliweka kwenye beseni.

«Najua. Tangu Pasaka. Niliona barua yangu, na chini yake ile maneno yako yameandikwa na mkono.»

Nilimwuliza kwa nini basi aliendelea kunifundisha siku ile.

«Mapera yalikuwa yameshachemka,» akasema. Akachukua nguo nyingine. «Nilikuwa nangoja uniambie. Nikakupa Jumamosi. Ukaandika ile ingine ya kuzungukazunguka.»

Nilianza kueleza, na nilijisikia nikieleza vizuri, nikanyamaza. Nikauliza anataka nifanye nini. Nilitaja fidia, aliipangusa kwa mkono. Nikasema nitazungumza na Becky.

«Becky enda ukitaka. Mimi nataka ile barua yangu iandikwe yote vile iko, usitengeneze hata neno. Na jina yako chini, ile ya nyumbani. Na Isaiah aisome mwenyewe, kwa sauti, kwa hiyo kiti. Wewe ukiwa hapo umekaa.»

Matone yalianza. Hatukusogea mara moja, wala yeye wala mimi.

Jumatano, 18 Aprili

Loresho. Bustani ya Becky ina maua mapya na ubao mpya langoni. Alinikaribisha kama rafiki wa Ndegwa. Kabla sijasema lililonileta aliagiza nionje sorbeti.

Ilikuwa ya waridi. Waridi ya kung'aa, kama plastiki ya mswaki. Ilikuwa na ladha ya sabuni ya watoto.

Nikauliza ni nani anayeitengeneza sasa. Akasema hakuna, inakuja kwenye pakiti, unaongeza maji. Yule mama wa zamani alikuwa fundi kweli, hata yeye Becky alimwona kwa macho yake mwenyewe akikata mapera, lakini ungefanya nini? Baada ya gazeti wateja walikuja wakidai rangi. Mmoja alisimama mezani na kurudisha bakuli. «Hatungeweza kubishana na Msumari,» akasema. «Sasa wanafurahi.»

Nilimwambia mimi ni nani. Alicheka kwanza. Kisha akatazama kibakuli changu, na akaniuliza kwa upole kama nitaandika tena.

Kabla ya safu yangu hapakuwa na pakiti katika nyumba ile. Nimeileta mimi.

Ijumaa, 20 Aprili

Rachael amekataa. Anasema safu ni mali ya gazeti, na Msumari mwenye jina na nyumba ya kanjo, ya baraza la jiji, huko Woodley si Msumari tena. Ameniuliza kama ninajua ninachokizika. Nimemwambia aitoe Jumamosi ijayo au atafute msumari mwingine. Zamani ningepiga meza. Leo nilikaa tu mpaka akachoka kunitazama.

Jumanne, 24 Aprili

Amekubali. Safu ya mwisho. Baada ya hapo nitabaki na kusahihisha makosa ya chapa, ile kazi ambayo majirani walidhani ni yangu.

Jumamosi, 28 Aprili

Mvua ilikatika alfajiri. Viti vilikuwa na maji, Odero akavipangusa kwa kitambaa chake cha grisi. Nilikaa kwenye kiti changu cha siku zote. Isaiah alivaa miwani, akatafuta ukurasa, akasema leo mzee wetu ameandika fupi.

Alianza kusoma. «Kwa Msumari. Mimi ndiye nilitengeneza ile barafu.» Sauti yake ilikuwa ile ya reli, inayofika hadi mwisho wa jukwaa. Kufikia mti wa Kimilili ilikuwa imeshuka. Alipofika «mume wangu ameniuliza mara tatu» aliacha. Odero akatazama kikombe chake. Nilidhani Isaiah atakunja gazeti, lakini yule ni mtu asiyeacha tangazo katikati. Alilisoma neno lile tena tangu mwanzo, na «nimechoka kujibu», na jina la mkewe.

Chini yake niliandika mistari minne tu, naye aliisoma yote. «Barua hii nilikuwa nayo tangu Machi nikaificha. Nilimwita mwongo mtu ambaye sikumwona, kwa kazi nisiyoijua, kwa sababu ya mapera ya ua wa mama yangu. Alisema kweli. Mimi ni Ephantus Kamande, jirani yake.»

Alivua miwani. Alinitazama kwa muda mrefu, si kwa hasira. Ningejua la kufanya na hasira.

«Nilikuuliza hapa,» akasema. «Ukasema ni nadra.»

Nikasema ndiyo.

Aliinuka, akaacha gazeti kitini, akaingia ndani. Tulisikia miguu yake ikisimama mlangoni mwa jikoni. Hakumwita Mama Quincy.

«Naliaka,» akasema. «Nikatie moja nione.»

Maji ya bomba yalifungwa.

«Yameisha,» akajibu. «Mwezi wa tatu wote yalikuwa hapa mezani.»